Barua ya wazi: Lori la gesi likishatoka getini, ni la nani?

Kwa: Wakuu wa mamlaka zinazodhibiti nishati na usafiri wa ardhini, Kikosi cha Usalama Barabarani, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania

Waheshimiwa,

YAH: WAKANDARASI WANAOSAFIRISHA GESI YA KUPIKIA KWA BARABARA

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni dereva mstaafu. Kwa miaka mingi nimeendesha matanki ya gesi ya kupikia kutoka Dar es Salaam kwenda Nyanda za Juu Kusini na mpakani Tunduma, na siku hizi nawafundisha vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hiyo. Haya ninayowaandikia leo nilishayaandika kwa barua za kawaida, zikapitia serikali ya mtaa, zikafika katika ofisi ambayo sitaitaja hapa. Barua ya kwanza ilipokelewa ikagongwa muhuri. Ya pili niliambiwa iko mezani kwa mkubwa. Nilipofuatilia nikaelekezwa ofisi nyingine kwamba ndiyo yenye dhamana, na ile nyingine ikanirudisha nilikotoka. Ndiyo maana safari hii nawaandikia ninyi nyote kwa pamoja na hadharani, asipatikane wa kusema faili liko kwa mwenzake.

Sina ugomvi na gesi. Imenilea mimi na wanangu. Naelewa pia kwamba Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034, na kwamba shule, magereza na taasisi nyingine zinazolisha watu wengi zimeshaagizwa kubadilika. Ni jambo jema. Lakini gesi ya Songosongo na Mtwara husafiri ndani ya bomba. Hii ya mitungi hushuka kutoka melini Dar es Salaam na Tanga, ikapanda malori. Kila jiko jipya la gesi Mwanza, Songea au Kigoma lina lori nyuma yake, na lile la Tunduma linapita Kibaha, Chalinze, Morogoro, Mikumi, linapanda mlima Kitonga, linashuka mteremko wa Iwambi, Mbeya. Tukiongeza majiko tumeongeza matanki barabarani. Maandalizi ya matanki hayo siyaoni.

Kila tunapozungumzia matanki tunaikumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, ambako lori la petroli lilianguka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Somo tulilobaki nalo ni kwamba wananchi wasikimbilie mafuta yaliyomwagika. Kwa petroli somo hilo ni sahihi. Kwa gesi halitoshi hata kidogo, kwa sababu gesi haiwasubiri watu waje na madumu, inawafuata walipo. Ujazo mmoja wa gesi ya maji, yaani gesi iliyobanwa ikawa kimiminika, ukitoka nje unakuwa kama ujazo 250 wa gesi ya hewa, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatambaa chini, inaingia mitaroni, inapita chini ya milango, mpaka ikute jiko la mkaa la mama muuza chapati. Mama huyo hakukimbilia chochote. Alikuwa kazini kwake.

Baada ya kusema hayo, malalamiko yangu ni haya.

1. Mzigo unapita mikono mingi na hauna mwenyewe.

Kampuni yenye gesi ina leseni, ina ofisi, ina mtu wa usalama kazini mwenye kofia nyeupe. Mara nyingi haina malori ya kutosha, hivyo inampa kazi mkandarasi wa usafirishaji. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanza mkandarasi anapochukua kazi kuliko uwezo wake. Anampigia simu mwenzake mwenye vichwa viwili vitatu vya malori. Yule akikosa dereva anampigia dalali, na dalali anawajua vijana wote wanaoshinda maegesho ya malori wakingoja kuitwa. Ikifika saa nne usiku, tani 20 za gesi ziko mikononi mwa kijana ambaye wiki iliyopita alikuwa anavuta saruji. Leseni yake ni daraja E, halali kabisa. Ila hajawahi kuonyeshwa mkono wa dharura wa kufunga valvu uko upande gani wa tanki.

Mwulize mwenye gesi, atakujibu mzigo ulishatoka getini, kamwone msafirishaji. Mwulize msafirishaji, atasema lori si lake, amelikodi. Mwenye lori atasema yeye anakodisha kichwa tu, tela ni la mwingine. Ajali ikitokea, anayekamatwa kwanza ni dereva, kama bado yuko hai. Boksburg, Afrika Kusini, tanki la gesi lilinasa chini ya daraja la reli Desemba 24, 2022, likawaka na kulipuka jirani na hospitali ya Tambo. Watu zaidi ya 40 walikufa, wakiwemo wahudumu wa afya. Dereva ndiye aliyekamatwa, na baada ya siku chache akaachiwa kwa kukosekana ushahidi wa kumshtaki. Maswali ya nani alimchagulia njia na nani alimpa maelekezo yalikuwa ya kuulizwa ofisini kabla lori halijawashwa.

Ninyi waheshimiwa mnajua kuliko mimi kwamba EWURA (wa nishati) wana Sheria ya Petroli ya 2015, LATRA (wa usafiri wa ardhini) wana sheria yao ya 2019, Zimamoto wana yao, OSHA (wa usalama kazini) wana yao. Kila mmoja ana kipande chake. Mkandarasi mjanja anaishi katikati ya vipande hivyo.

2. Dereva analipwa kwa tripu.

Hili halihitaji maneno mengi. Mtu anayelipwa kwa tripu hataki kulala. Akilala njiani kajinyima posho, na bosi atampigia kumuuliza mbona kifaa cha kufuatilia lori kinaonyesha umesimama. Chombo tulichokifunga ili kupunguza mwendo kimegeuka kuwa cha kumsukuma dereva. Nina vijana niliowafundisha wanaotafuna mirungi na kunywa vinywaji vya kuongeza nguvu kuanzia Ruaha Mbuyuni mpaka Makambako, na wananiambia waziwazi, maana wananiona kama baba. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, kila baada ya dakika chache kijana huyo aliyechoka anapishana na basi lenye watu 60 waliosinzia.

3. Tanki linajazwa kupita kiasi, na mizani haioni.

Gesi ya maji hutanuka ikipata joto, na haikubali kubanwa. Kwa hiyo tanki halijazwi likafika juu. Huachiwa nafasi, na kanuni tuliyofundishwa sisi ni kwamba kimiminika kisizidi takriban asilimia 85 ya ujazo wa tanki. Lori likipakiwa alfajiri Kigamboni kukiwa na ubaridi, saa nane mchana liko kwenye lami ya Dumila au Mikumi ikiwaka. Ile nafasi iliyoachwa ndiyo pumzi ya tanki.

Mizani zetu za barabarani hupima uzito wa ekseli. Zinalinda lami, na zinafanya kazi hiyo vizuri, mimi mwenyewe nimekaa sana kwenye foleni zake. Lakini lori linaweza kupita mizani salama salimini huku tanki limejazwa kupita alama, kwa sababu tela ni jepesi au tanki ni dogo. Anayejua ujazo ni yule aliyeshika mpira wa kupakia, peke yake.

Hispania walilipata somo hili kwa gharama kubwa. Julai 11, 1978, lori lililobeba propilini, gesi ya viwandani inayowaka, lililipuka kando ya kambi ya watalii ya Los Alfaques, na watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wakiwa na nguo za kuogelea. Lilikuwa limepakiwa tani 23 hivi wakati kiwango chake kilikuwa kama tani 19. Halikuwa na valvu ya kupunguza msukumo. Nalo lilipita barabara ya zamani ya pwani, katikati ya watu, badala ya ile ya kulipia. Kitu ambacho madereva wengi hapa kwetu hawajui, nami huwasimulia kila darasa, ni kwamba kesi ilipoisha waliotiwa hatiani walikuwa watumishi wa kampuni ya usafirishaji pamoja na watumishi wa kiwanda kilichopakia. Mahakama haikukubali kwamba jukumu la mpakiaji linaishia getini.

4. Njia na maegesho.

Piteni usiku kwenye mji wowote mdogo wa barabara kuu. Mtakuta tanki la gesi limeegeshwa baina ya lori la mahindi na lori la mbao, mbele ya nyumba ya kulala wageni, hatua chache kutoka kwa muuza mishikaki. Utingo amelala chini ya tela na sigara iko mdomoni. Hakuna kabari kwenye matairi. Bango la chungwa lenye namba, ambalo lingemwambia askari wa zimamoto kama ni gesi (23 juu, 1965 chini) au ni petroli (33 na 1203), limefunikwa na tope au halipo. Nimeshaona tanki la gesi lenye bango la petroli, kwa sababu tela lilinunuliwa mtumba na hakuna aliyejishughulisha kubandua.

Sheria nzuri inayomkataza dereva kulala mjini bila kumwonyesha pa kulala ni adhabu tu. Yawepo maegesho ya matanki: nje ya makazi, yenye uzio, maji, choo na mlinzi, kila baada ya mwendo wa saa nne hivi. Ardhi ipo. Kati ya Chalinze na Tunduma ni pori kwa kilomita nyingi.

5. Tanki "tupu".

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hili ndilo ninalolihofia kuliko yote, na sijawahi kusikia mkubwa yeyote akilizungumzia.

Lori likishashusha, kila mtu analiita tupu. Si tupu. Kimiminika kimeisha, lakini ndani mmebaki mvuke wa gesi wenye msukumo. Tanki hilo ndilo linalopelekwa gereji ya mtaani kwa sababu tope-gadi limekatika au ngazi imelegea. Fundi wa kuchomelea hana kifaa cha kupimia gesi, hana cheti cha kwamba tanki limesafishwa, ana mashine ya kukodi na miwani ya jua. Mkandarasi mwenye yadi yake iliyosajiliwa hawezi kufanya hivyo. Mkandarasi wa mkono wa tatu anafanya, kwa sababu lori linatakiwa kupakia kesho asubuhi. Gereji hizo ziko katikati ya nyumba zetu, na watoto wanazizunguka kuokota vipande vya chuma.

Bado kuna wanaolitumia hilo tanki "tupu" kujaza mitungi mafichoni kwa mabaki yaliyobaki chini. Sitaeleza namna wanavyofanya, ili nisimfundishe mtu.

6. Moto ukianza, hakuna mwenye kujua akimbilie wapi.

Moto ukililamba tanki upande wa juu, pale pasipo na kimiminika, chuma hulainika ndani ya dakika chache na tanki linapasuka hata kama valvu ya usalama inapumua sawasawa. Mwongozo wa dharura unaotumiwa na zimamoto wa Marekani na Kanada unasema tanki la aina hii likishika moto, watu waondolewe mita 1,600 kila upande. Mita 1,600 kutoka barabara kuu ya Mbalizi, hesabuni wenyewe kuna shule ngapi. Wenyeviti wa vitongoji wa barabara nzima hawajawahi kuambiwa namba hiyo. Nimewauliza.

Najua majibu nitakayopewa, nimeshapewa mengine.

Mtasema kanuni zipo. Nakubali, nyingine nimezifundishia. Ila kanuni ya kizima-moto inakaguliwa kwa trafiki kuangalia kama mtungi mwekundu upo, si kama una kitu ndani. Askari wa barabarani amesimama juani, ana foleni nyuma yake, hana kipimo cha gesi wala mafunzo ya valvu. Tunamwonea tukimwachia kazi hii. Mahali pekee ambapo lori, dereva, karatasi na mzigo viko pamoja, vimesimama, na yupo mtu mwenye uwezo wa kusema hapana, ni geti la kupakia. Maghala ya kupokelea gesi melini ni machache, na malori yanapakia humo. Hiyo ndiyo hoja yangu nzima.

Wakandarasi watasema gharama zitapanda na mtungi utamshinda mama ntilie. Tupige hesabu. Lori la tani 20 linajaza mitungi ya kilo 15 ipatayo 1,300. Tuseme dereva wa pili, malazi na maegesho salama vinaongeza shilingi 400,000 kwa tripu. Ni kama shilingi 300 kwa mtungi, chini ya nauli ya daladala. Anayesema hiyo itaua biashara atuonyeshe vitabu vyake.

Wengine watasema haijawahi kutokea kwetu. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, katika yadi iliyokuwa katikati ya makazi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kesho yake kwamba maombi ya kibali cha eneo hilo yalikataliwa mara tatu mwaka 2023, sababu mojawapo ikiwa wingi wa watu. Yaani ofisi ilisema hapana mara tatu, na gesi ikaendelea kuingia kwa sababu hakuna aliyefunga bomba kule inakotoka. Malori yale yalipakiwa mahali fulani, na mtu fulani.

Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba yafuatayo. Lililomo tayari kwenye kanuni lisimamiwe, lisilomo liandikwe.

(a) Mwenye gesi abaki na wajibu wa kisheria mpaka mzigo ushushwe, hata ukibebwa na mkandarasi wa mkandarasi. Kazi ya gesi isikabidhiwe kwa mkono wa tatu kabisa.

(b) Hakuna kupakia bila orodha ya ukaguzi kusainiwa na mpakiaji kwa jina lake: dereva mwenye cheti cha kubeba gesi, saa alizopumzika, tarehe ya mwisho ya kupimwa tanki na valvu, bango sahihi, waya wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini), kabari, vizima-moto, na ujazo uliopakiwa. Nakala moja isafiri na lori, nyingine iende kwa mamlaka siku hiyohiyo.

(c) Malipo ya tripu yapigwe marufuku kwa madereva wa gesi, na safari ndefu iwe na madereva wawili. Utingo asihesabiwe kuwa dereva wa pili. Mnajua inavyofanyika.

(d) Njia za matanki zipangwe na kutangazwa, pamoja na maegesho, mkianza na barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma.

(e) Tanki lisiguswe na moto wa kuchomelea nje ya yadi iliyosajiliwa, bila cheti cha kuondolewa gesi. Gereji itakayokiuka ifungwe, na leseni ya mwenye lori ifungwe nayo.

(f) Zimamoto wapewe ratiba ya matanki yanayopita kwao, na wenyeviti wa mitaa ya barabarani wafundishwe nini cha kufanya. Kwa hili la mafunzo najitolea bila malipo, kuanzia Morogoro.

(g) Iteuliwe ofisi moja ya kupokea malalamiko kuhusu matanki ya gesi, yenye namba ya simu itakayochorwa nyuma ya kila tanki.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 60, nayo yaseme kwa kila kipengele kama kinakubaliwa, kinakataliwa au kinafanyiwa kazi na nani. Nakala za barua zangu za awali, zenye mihuri ya kupokelewa, ninazo na nitazileta popote mtakaponiita. Nauli nitajilipia.

Wenu mtiifu,

Dereva mstaafu wa matanki ya gesi,
Morogoro